"Sent" Si Ushahidi: Jinsi ya Kuifuata Barua Pepe kwa Namba za Foleni

"Nimetuma, wao wanasema hawajapata." Hakuna msimamizi wa seva ya barua pepe asiyelijua lalamiko hili, na jibu linalotolewa kwa haraka huwa ni lilelile: fundi anafungua logi, anatafuta anwani ya mpokeaji, anaona maneno status=sent, kisha anajibu kwamba upande wetu hauna tatizo, waulizeni wao. Hoja ya makala haya ni kwamba aliyejibu hivyo hajajibu kitu. Neno sent kwenye logi ya Postfix halisemi kwamba ujumbe umefika. Linasema kwamba programu iliyofuata katika mnyororo imekubali kuupokea, na programu hiyo yaweza kuwa kichujio cha virusi kilichomo ndani ya mashine hiyohiyo. Ushahidi umo ndani ya mabano yanayolifuata neno hilo, hasa katika namba iliyo mwishoni mwake. Anayetaka kujua barua imeishia wapi aifuate namba hiyo kutoka seva hadi seva, mpaka afike mahali ambapo hakuna tena namba ya kufuata.

Msingi wa hoja hii umo katika kanuni za SMTP zenyewe. RFC 5321 ya mwaka 2008, ambayo chimbuko lake ni RFC 821 ya mwaka 1982, inasema kwamba seva ikishajibu 250 baada ya kupokea maudhui ya ujumbe, imebeba jukumu: ama iufikishe mbele, ama imrudishie mtumaji taarifa ya kushindwa. Kwa hiyo kila 250 ni makabidhiano. Aliyekabidhi anaruhusiwa kufuta nakala yake, na Postfix hufanya hivyo mara tu wapokeaji wote wanapokuwa wameshughulikiwa. Ndiyo maana ya neno removed linalofunga kila safari kwenye logi. Lakini kanuni hizo hazikumwagiza aliyepokea aendelee kutumia namba ya aliyekabidhi. Kila seva hujitungia yake. Hata maneno yanayofuata baada ya 250 ni hiari ya mwandishi wa programu. Desturi tu ndiyo iliyowafanya wengi waweke humo namba mpya waliyoutolea ujumbe. Postfix huandika queued as na namba. Exim huandika OK id= na namba yenye vistari. Gmail hurudisha mfuatano mrefu unaoishia na gsmtp. Seva za Microsoft huweka InternalId pamoja na jina la mashine iliyopokea. Desturi hii isiyoamriwa na mtu ndiyo inayoziunganisha logi za seva mbili zisizojuana.

Chukua mpangilio wa kawaida wa ofisi inayojiendeshea barua pepe yenyewe: Postfix langoni, amavis nyuma yake ikishirikiana na ClamAV na SpamAssassin, Postfix tena ya kupokea kilichokwisha kuchujwa, halafu seva ya ndani yenye Dovecot inayotunza vikasha vya watumiaji. Ujumbe mmoja ukipita humo hupewa namba tatu za foleni kabla haujamfikia mtu yeyote, na mbili kati ya hizo hutolewa kwenye mashine moja, ndani ya faili moja la logi. Hiki hapa kipande cha mfano, tarehe na majina ya mashine yakiwa yameondolewa:

postfix/smtpd[20433]: B81D41A0C9: client=localhost[127.0.0.1], orig_queue_id=7C3E21A0B4, orig_client=mail.muuzaji.example[203.0.113.25]

postfix/smtp[20431]: 7C3E21A0B4: to=<ununuzi@shirika.example>, relay=127.0.0.1[127.0.0.1]:10024, delay=6.2, delays=1.1/0.01/0.02/5.1, dsn=2.0.0, status=sent (250 2.0.0 from MTA(smtp:[127.0.0.1]:10025): 250 2.0.0 Ok: queued as B81D41A0C9)

postfix/smtp[20440]: B81D41A0C9: to=<ununuzi@shirika.example>, relay=posta.shirika.example[192.0.2.14]:25, dsn=2.0.0, status=sent (250 2.0.0 Ok: queued as 3F09A60112)

Fundi mwenye haraka atasoma mstari wa pili, ataona sent, na kufunga faili. Alichothibitisha ni kwamba ujumbe umefika kwenye mlango 10024 wa mashine yake mwenyewe, yaani kwa amavis. Namba inayopaswa kufuatwa kuanzia hapo ni B81D41A0C9, na hiyo ndiyo inayompeleka mstari wa tatu, na mstari wa tatu ndio unaomkabidhi 3F09A60112 ya kwenda kutafuta kwenye seva ya ndani. Angalia pia kwamba mstari wa namba ya pili umeandikwa kabla ya ule unaoitangaza. Si kosa. Amavis haijibu 250 kwa aliyeiletea ujumbe mpaka anayeupokea kutoka kwake amejibu kwanza, hivyo namba mpya huzaliwa kabla ile ya zamani haijafungwa. Anayesoma logi kutoka juu kwenda chini akidhani ni masimulizi yaliyopangwa atapotea hapo.

Zaidi ya hayo, mstari wa kwanza una zawadi ambayo seva nyingi hazina kwa sababu tu hakuna aliyeiwasha: orig_queue_id. Taarifa hiyo hupitishwa kwa amri ya XFORWARD, ambayo amavis inaielewa. Kwenye Postfix unaweka smtp_send_xforward_command = yes katika huduma inayopeleka ujumbe kwa kichujio, kisha unaitaja anwani ya kichujio katika smtpd_authorized_xforward_hosts kwenye mlango unaopokea kilichochujwa. Baada ya hapo uhusiano wa namba mbili unasomeka kutoka pande zote: ukiwa na ya zamani unaipata mpya, ukiwa na mpya unaipata ya zamani pamoja na anwani halisi ya mteja aliyeleta barua. Bila XFORWARD, kila barua itaonekana imetoka localhost.

Ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya neno sent ni pale kichujio kinapoamua kuutupa ujumbe. Amavis ikiwa imepangwa kutupa barua taka kimyakimya, logi ya Postfix itasomeka status=sent (250 2.7.0 Ok, discarded, id=20555-03 - spam). Postfix haijadanganya. Ilikabidhi, ikajibiwa 250, kazi yake ikaisha. Lakini hakuna queued as, hakuna namba mpya, na ujumbe haupo tena popote ila pengine kwenye karantini. Mtu anayehesabu mistari ya sent ataiweka barua hii kwenye kundi la zilizofika. Anayefuata namba atasimama hapo papo hapo, atachukua 20555-03, na kwenda nayo kwenye mistari ya amavis yenyewe. Huko atakuta Blocked SPAM, alama ambazo ujumbe umepata, na jina la faili la karantini kama limehifadhiwa. Tofauti ya kazi hizi mbili ni dakika chache, ila jibu la kwanza linampeleka mlalamikaji kugombana na watu wasiohusika.

Kuna jambo jingine ndani ya mstari huohuo ambalo wengi hulipita: tarakimu nne za delays. Ya kwanza ni muda kabla ujumbe haujashughulikiwa na msimamizi wa foleni, pamoja na muda wa kuupokea. Ya pili ni muda ndani ya msimamizi wa foleni. Ya tatu ni kuunganishwa na seva inayofuata, DNS na TLS zikiwemo. Ya nne ni kuusafirisha ujumbe wenyewe hadi kupata jibu. Katika mfano wetu sekunde 5.1 kati ya 6.2 ziko mahali pa nne, yaani kichujio kilikuwa kinachambua. Mtumiaji anayelalamika kuwa barua zinachelewa hahitaji hotuba kuhusu intaneti; anahitaji mtu wa kusoma tarakimu hizo katika kila hatua ya mnyororo na kumwambia muda umeliwa wapi. Na usisahau nrcpt, yaani idadi ya wapokeaji, kwenye mstari wa qmgr, huyo msimamizi wa foleni. Ikiwa ni 2 au zaidi, kila mpokeaji ana mstari wake, na mmoja anaweza kuwa sent huku mwenzake akiwa deferred chini ya namba ileile.

Mpaka hapa kila hatua imekuwa na foleni yake. Matatizo huongezeka panapokuwa na proksi halisi, ile isiyohifadhi ujumbe bali inaupitisha tu wakati mteja bado anasubiri kwenye simu. Ukitumia smtpd_proxy_filter, Postfix ya mbele haitoi namba ya foleni kabisa. Logi yake huanza na NOQUEUE na kuishia na mstari wa proxy-accept ulionukuu jibu la aliye nyuma, namba yake ikiwa humo. Kwa hiyo unaingia kwa anwani ya IP na anwani za mtumaji na mpokeaji, kisha unatokea na namba. HAProxy nayo, ikiwekwa mbele kugawa mzigo kati ya seva mbili, haijui hata kama kinachopita ni barua pepe. Yenyewe inaona miunganiko tu, na seva zilizo nyuma yake huona anwani moja kwa kila mteja duniani: anwani ya HAProxy. Tiba ni itifaki ya PROXY, ambayo Postfix huipokea tangu toleo la 2.10 kwa smtpd_upstream_proxy_protocol = haproxy, au kwa jina linalofanana upande wa postscreen. Ongeza smtpd_client_port_logging = yes ili logi iandike pia namba ya mlango wa mteja. Mteja mmoja mkubwa anaweza kufungua miunganiko kumi kwa sekunde moja kutoka anwani moja, na hapo mlango pekee ndio unaotofautisha muunganiko huu na ule.

Atatokea wa kusema: ya nini kuhangaika na namba zinazobadilika kila kituo, wakati kila barua ina Message-ID isiyobadilika toka mwanzo hadi mwisho? Hoja hiyo ina nguvu, na haifai kupuuzwa. Message-ID ni daraja zuri pale mnyororo unapokatika, na kwenye Dovecot ndiyo mara nyingi inayokuonyesha folda ambayo Sieve imeutupia ujumbe, kwa sababu mstari wa mwisho hutaja msgid. Udhaifu wake ni kwamba imetungwa na mtumaji, na hulazimiki kumwamini mtumaji. Baadhi ya programu hutuma bila kuiweka, na hapo Postfix huandika message-id=<> tu. Nakala moja iliyotumwa mara tatu kwa sababu mfumo wa mhasibu umejaribu tena yaweza kubeba kitambulisho kilekile mara tatu. Taarifa ya kushindwa kufikisha ni ujumbe mpya wenye kitambulisho kipya. Na barua iliyokataliwa mlangoni, ile ya NOQUEUE: reject, haijawahi kutuma vichwa vyake, kwa hiyo Message-ID yake haiko kwenye logi yako hata ukitafuta usiku kucha. Itumie kuingilia, ya kuthibitishia makabidhiano ni namba ya foleni.

Wengine wataelekeza kwenye vichwa vya Received, ambavyo kweli hubeba namba hizihizi moja baada ya nyingine. Ni ushahidi mzuri, isipokuwa unapatikana kwenye barua iliyofika, na lalamiko letu ni la ambayo haikufika. Tena vile vilivyo chini ya kichwa kilichoandikwa na seva yako mwenyewe vinaweza kughushiwa na yeyote. Hoja ya tatu, inayosikika zaidi kwenye mashirika yenye fedha, ni kwamba wameshanunua mfumo wa kukusanya logi zote mahali pamoja. Vizuri. Lakini mfumo huo hutafuta tu. Haujui kwamba 7C3E21A0B4 na B81D41A0C9 ni barua moja mpaka mtu aufundishe kusoma queued as na orig_queue_id kama sehemu zinazojitegemea. Bila hilo umehamisha tu mrundo kutoka seva tatu kwenda skrini moja. Kwa asiye na bajeti, ndani ya msimbo wa Postfix wenyewe kuna hati ya Perl iitwayo collate, inayokusanya mistari ya kila safari pamoja, na zgrep bado inafanya kazi kama zamani.

Yote haya huporomoka saa zisipolingana. Seva ya langoni ikiandika saa za Afrika Mashariki na kichujio kilichokodishwa nje kikiandika UTC, tofauti ni masaa matatu kamili, na fundi atatafuta dirisha ambalo ujumbe haukuwemo. Ongeza juu yake namna tunavyosema wakati: mtumiaji anayesema alituma saa nne asubuhi anamaanisha 10:00, ambayo kwenye logi ya UTC ni 07:00. Muulize tena, mwombe asome saa iliyoandikwa kwenye barua yake katika folda ya zilizotumwa. Upande wa seva, washa chrony kwenye mashine zote na uache muundo wa zamani wa syslog usio na mwaka wala majira. Andika tarehe kamili yenye +03:00 mwishoni. Wakati una maana pia kwa sababu namba fupi za Postfix hujirudia. Zinaundwa kwa sehemu ya sekunde na namba ya inode ya faili, na inode hutumika tena faili likishafutwa, hivyo namba uliyoipata Jumatatu yaweza kuwa ya barua nyingine ya mwezi uliopita. Tangu toleo la 2.9 kuna enable_long_queue_ids = yes, na sioni sababu ya seva yoyote ya leo kuendelea bila hiyo.

Chunguza pia kama logi zako ni kamili kabla hujazitegemea kama ushahidi. Journald kwa chaguo-msingi huweka kikomo cha idadi ya mistari kwa kila huduma ndani ya muda fulani, na seva yenye shughuli nyingi ikivuka hapo mistari hutupwa, ikibaki taarifa fupi tu ya Suppressed na idadi. Namba isiyoonekana kwenye logi yenye mapengo haithibitishi lolote. Kuhusu muda wa kuzihifadhi, mipangilio ya kawaida ya logrotate kwenye Debian na jamii yake huacha wiki nne. Postfix yenyewe huendelea kujaribu kupeleka barua iliyokwama kwa siku 5, na mzabuni anayedai hakupata barua anaweza kuja baada ya miezi miwili. Miezi mitatu ni kiasi cha haki kwa maoni yangu, na kisizidi bila sababu: mistari hii inaonyesha nani anawasiliana na nani, na lini. Hizo ni taarifa binafsi mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, na mbele ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Amua kwa maandishi nani anazisoma na zinafutwa lini. Namba za foleni zina faida hapa pia, kwa kuwa zinakuwezesha kuuliza na kujibiwa kuhusu barua bila kutaja kichwa cha habari wala kilichoandikwa ndani.

Mnyororo ukivuka mpaka wako, kazi iliyobaki ni ya kuandika barua nzuri kwa msimamizi wa upande wa pili. Usimwandikie kwamba mmetuma na logi inaonyesha sent. Mpe tarehe na saa yenye majira, anwani ya IP iliyotoka kwako na iliyopokea kwake, anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, kisha unukuu jibu lake zima, neno kwa neno, kama lilivyo ndani ya mabano. Ukiwa na jibu la Gmail, ambatisha mfuatano wote hadi gsmtp. Ukiwa na la Microsoft, usiikate InternalId wala jina la mashine. Mwombe akuambie ujumbe wenye namba hiyo ulipelekwa wapi baada ya kupokelewa. Namba hiyo ni yake, imetolewa na seva yake, na kuanzia ilipotolewa jukumu la kuutafuta ujumbe ni lake.